Kamera refleksi ya bei nafuu: mambo ya kujua mbele ya kutosha feza mfukoni

Katika miji yetu ya mashariki, toka Bunia mpaka Uvira, kazi ya kupiga picha imelisha familia nyingi: picha za ndoa, za dote, za ubatizo, za kolasio ya shule, na zile ndogo za karatasi za kazi. Vijana wengi wanajiuliza kama wanaweza kuanza kazi hiyo kwa kununua kamera refleksi, ile kubwa yenye objektifu inayotoka. Wengine wanangoja zamu yao ya likelemba ama mgao wa AVEC ili wainunue. Hiyo ni feza ya jasho. Ukiipoteza kwa kamera iliyokufa ndani, haitarudi kesho.

Kwa hiyo tumekusanya hapa mambo ya lazima: kamera hiyo ni kitu gani, ipi inatosha kwa mwanzo, namna ya kuikagua kama ni ya okazioni, na namna ya kuitunza katika vumbi na mvua ya kwetu.

Refleksi ni kitu gani?

Ndani ya kamera refleksi mnakuwa kioo kidogo kilichoinama. Mwanga unaingia kwa objektifu, unagonga kioo, unapanda mpaka kwenye dirisha dogo unakoweka jicho. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, pazia ya ndani inayoitwa obturateri inafunguka, na mwanga unafika kwenye kapteri, yaani ile sehemu inayoshika picha. Ule mlio wa «klak» unatoka kwa kioo na pazia hiyo.

Kapteri ya refleksi ya bei nafuu ya Canon iko na upana wa karibu milimita 22 na kimo cha milimita 15. Ya Nikon inazidi kidogo. Ya simu ni ndogo sana kuliko hapo. Ndiyo sababu refleksi inashika mwanga mwingi zaidi ndani ya kanisa ama usiku, na inafanya nyuma ya mtu kuwa laini bila hesabu za programu.

Zamani kamera hizi zilikuwa za matajiri. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, ya megapikseli 6.3, na hiyo ndiyo ilikuwa refleksi ya dijitali ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1000 za Marekani. Miaka 15 nyuma yake, mwaka 2018, Nikon ilitoa D3500 ya megapikseli 24 pamoja na objektifu yake kwa dola 500. Tangu mwaka huo huo Canon na Nikon wameweka nguvu kwenye kamera zisizo na kioo, na Nikon imekwisha acha kutengeneza D3500. Kwetu sisi hiyo iko na faida: watu wa Bulaya wanabadilisha vyombo vyao, na refleksi zao zinashuka bei na kufika kwenye masoko yetu. Iko pia na hatari, kwa sababu nyingi kati ya hizo zimechoka.

Je, simu haitoshi?

Tuseme kweli. Kama unataka tu picha za kutuma kwenye WhatsApp na Facebook, simu nzuri inatosha. Iko mfukoni kila saa na inatuma palepale. Refleksi ni nzito, inaonekana na kila mtu, na picha zake lazima kwanza uzihamishe.

Refleksi inafaa kama unataka picha ya kuchapisha na kuuzisha, kama unafanya kazi mahali pa mwanga kidogo, kama unapiga watu wanaotembea ama kucheza, ama kama unataka kujifunza ufundi wenyewe. Kuna pia heshima ya kazi: mteja akiona kamera kubwa anakubali kulipa. Lakini heshima hiyo itaisha siku utakapomletea picha za giza.

Aina zinazopatikana mara nyingi

Kwa upande wa Canon, familia ya bei ya chini ni hii: 1100D (mwaka 2011, megapikseli 12), 1200D (2014, megapikseli 18), 1300D (2016, megapikseli 18, iko na Wi-Fi), kisha 2000D na 4000D, zote mbili za 2018. Ile 2000D iko na megapikseli 24. 4000D iko na 18, na mahali pa kufunga objektifu ni pa plastiki, si pa chuma. Hizi zote tano zinatumia batri moja, LP-E10, kwa hiyo batri haisumbui kuipata.

Angalia majina. Kamera iliyotoka Marekani inaitwa jina lingine: 1100D ni Rebel T3, 1200D ni T5, 1300D ni T6, 2000D ni T7. Ni kamera ileile. Ile iliyotoka Japani inaitwa Kiss. Hiyo uifungue menyu kwanza, uone kama iko na Kifaransa, ndipo ulipe.

Kwa upande wa Nikon kuna D3100 (2010, megapikseli 14), D3200 (2012), D3300 (2014), D3400 (2016) na D3500 (2018). Kuanzia D3200 zote ziko na megapikseli 24. D3500 inasifiwa kwa batri: kwa kipimo cha kiwanda inapiga picha 1550 kwa chaji moja, na Canon 2000D inapiga karibu 500. Katika mtaa ambako umeme unakuja na kuondoka, tofauti hiyo si ndogo.

Megapikseli zisikudanganye. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iliyochapishwa vizuri labo inahitaji megapikseli 2 tu. Karatasi nzima ya A4 inahitaji karibu 9. Maana yake hata 1100D ya zamani, na megapikseli zake 12, inatosha kwa albamu ya ndoa. Kamera ya zamani iliyo nzima na objektifu nzuri inashinda kamera mpya yenye objektifu yenye ukungu.

Mitego mitatu ambayo muuzaji hatakuambia

Mtego wa kwanza ni objektifu za Nikon. Kamera hizi ndogo za Nikon hazina mota ya kuvuta objektifu. Kama unanunua objektifu ya zamani iliyoandikwa AF peke yake, itabidi uzungushe kwa mkono ili picha iwe wazi. Tafuta ile iliyoandikwa AF-S. Tena, objektifu mpya za AF-P hazifanyi kazi vizuri kwenye D3100 na D3200, na D3300 inataka kwanza programu yake isasishwe. Kwa Canon jambo ni rahisi zaidi: objektifu za EF na EF-S zote zinaingia na zinajivuta zenyewe.

Mtego wa pili ni flashi. Juu ya kamera kuna fasi ya kufunga flashi ya nje. Kwenye Canon 2000D na 4000D, ile ncha ya katikati imetolewa. Flashi za bei ndogo na vile vyombo vya kuwashia taa za studio vinategemea ncha hiyo, kwa hiyo havitawaka. Kama mpango wako ni studio, angalia kwa macho yako: katikati ya fasi ile lazima uone kiduara cha chuma.

Mtego wa tatu ni sauti. Wapashaji habari na vijana wa video wasikilize hapa: Canon zote tano tulizotaja hazina tundu la mikro. Kwa Nikon, D3200 na D3300 ziko nalo, lakini D3100, D3400 na D3500 hazina. Kama unataka kurekodi mahojiano, tafuta D3200 ama D3300, ama upande ngazi moja kwa Canon 600D au 700D, ambazo ziko na tundu la mikro na skrini inayogeuka. Njia nyingine ni kurekodi sauti kwa simu pembeni, kisha kuiunganisha na video kwenye ordinateri. Ujue pia kwamba kamera hizi hazirekodi video bila mwisho: zinajikata zenyewe mbele ya dakika 30. Kwenye hotuba ya mkwe, usisahau kubonyeza tena.

Kukagua kamera ya okazioni

Muuzaji atakuambia: «Hii ni mupya, sijatumikisha hata mwezi moya.» Usibishane naye. Omba kamera ishikwe mkononi, mchana, na batri yenye chaji na karti yako mwenyewe. Kisha fanya hivi:

1. Toa objektifu, tazama kioo cha ndani. Kisiwe na mkwaruzo wala alama ya kidole. Tazama vile vidoti vya dhahabu vinavyogusana na objektifu: viwe safi, visiwe na kutu ya kijani. Kutu ni alama ya maji.

2. Washa taa ya simu, uipitishe ndani ya objektifu. Vumbi kidogo si kitu. Lakini ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni ukungu. Unaota mahali pa unyevu, na unaweza kuenea. Acha objektifu hiyo.

3. Weka kamera kwenye A ama Av, fikisha namba f/22, piga picha ya mbingu ama ukuta mweupe. Ikuze kwenye skrini. Vidoti vyeusi vinavyobaki fasi moja kwa kila picha ni uchafu kwenye kapteri. Vichache vinasafishika. Mkwaruzo hausafishiki.

4. Jaribu kila kibonyezo, kila gurudumu, flashi ya juu, na skrini. Piga picha 20 mfululizo. Ikiandika Err 01 kwenye Canon, kamera na objektifu hazisikilizani. Pengine ni uchafu wa vidoti tu, pengine ni waya uliokatika ndani. Bei lazima ishuke, ama uache.

5. Zungusha zum toka mwanzo hadi mwisho. Isikwame, isitoe mlio wa mchanga.

6. Tazama batri. Ikiwa imevimba ama inatoka kwa shida, hesabu bei ya batri mpya.

7. Uliza imepiga picha ngapi. Obturateri inachoka kama mguu wa moto. Nikon yenyewe ilijaribu ile ya D3300 mpaka mara 100 000. Picha ya Nikon inabeba hesabu hiyo ndani yake, na programu za bure za ordinateri zinaisoma. Kwa Canon hizi, hesabu haimo ndani ya picha: inatakiwa kebo na programu ya pekee. Namba ya faili isikudanganye, kwa sababu inafika 9999 na kuanza upya. Picha yenye namba 0450 inaweza kuwa ya 30 450.

8. Omba faktira, ama mwandikiane karatasi yenye namba ya kiwanda iliyo chini ya kamera, mbele ya shahidi. Kamera za wizi zinatembea sana. Siku mwenyewe ataitambua, karatasi hiyo ndiyo itakutetea.

Ugawe bajeti yako

Kosa la wengi ni kumaliza feza yote kwenye kamera. Kamera peke yake haifanyi kazi. Acha sehemu kwa ajili ya batri ya pili, karti mbili, mfuko wenye sponji, na kalamu ama kitambaa cha kusafisha objektifu. Karti mbili za gigabaiti 16 ni salama kuliko moja ya 64: moja ikikufa, nusu ya ndoa bado iko.

Kama kuna kitu kimoja cha kuongeza nyuma ya miezi michache, kiwe objektifu ya milimita 50 f/1.8 kwa Canon, ama ya milimita 35 f/1.8 ya AF-S kwa Nikon. Objektifu ya kawaida inayokuja na kamera, ile ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu. Ile ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha ya kuuzisha na picha ya kuomba radhi.

Piga hesabu kabla. Tuseme, kwa mfano tu, vyote vimekutoka dola 300, na kila shughuli inakuachia dola 15 safi, nyuma ya kulipa moto, labo na msaidizi. Inabidi shughuli 20 ili feza irudi. Kama katika mtaa wako unapata shughuli mbili kwa mwezi, hiyo ni miezi 10. Kama feza ni ya deni, jiulize kama mwenye deni atangoja miezi 10.

Ngozi nyeusi, nguo nyeupe

Kamera haijui kwamba inatazama bibi arusi. Inapima mwanga na kutafuta usawa wa kijivu. Mbele ya nguo nyeupe nyingi inafanya picha nzima iwe na giza, na nyuso zetu zinapotea. Mtu akisimama mbele ya dirisha, ni vilevile. Dawa yake ni kile kibonyezo cha +/-. Panda hadi +1, tazama skrini, rekebisha. Bwana arusi wa suti nyeusi mbele ya ukuta mweusi anataka kinyume: shuka kidogo.

Ndani ya nyumba panda ISO hadi 800 ama 1600, usiogope. Chembe chembe kidogo ni afadhali kuliko picha iliyotikisika. Na flashi ya kamera usimulikie mtu usoni toka karibu. Paji la uso litang'aa kama sahani. Msogeze karibu na dirisha ama mlango, mwanga umguse kwa pembeni.

Umeme, vumbi na mvua

Chaja za kamera hizi zinakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukishuka kidogo haidhuru. Kinachoua ni umeme unaorudi kwa nguvu nyuma ya kukatika. Chomoa chaja wakati umeme umekatika, uirudishe ukishatulia. Ile ya Marekani iko na meno ya bapa na inataka adapta.

Wakaaji wa Goma wanajua vumbi jeusi la volkano. Ni la mawe, linakwaruza. Kwa hiyo usipanguse objektifu kwa shati: puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha pitisha kitambaa laini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha madoa. Kubadili objektifu, zima kamera, geuza tundu litazame chini, ufanye haraka, ukiwa ndani ya nyumba ama umepa upepo mgongo.

Kamera hizi hazikufanywa kuvumilia mvua. Weka mfuko wa plastiki kila siku ndani ya begi. Ukitoka kwenye baridi ya asubuhi kule Butembo ama Masisi na kuingia kwenye salle yenye joto la watu, acha kamera ndani ya begi dakika kumi na tano ili isifanye jasho. Kwenye moto, begi ibebwe kifuani, si kwenye porte-bagage ambako kila shimo linagonga kioo cha ndani.

Ruhusa na usalama

Kamera kubwa inaonekana toka mbali, na katika majimbo yetu hilo linaweza kuleta taabu. Usielekeze kamera kwa watu wenye silaha, vizuizi, kambi, madaraja, viwanja vya ndege wala mipaka. Kama unafanya kazi ya habari, beba karata yako ya kazi na ujitambulishe kwa viongozi wa mahali kabla ya kuitoa. Ukivuka mpaka kati ya Goma na Gisenyi ama kule Ruzizi, beba faktira, usije ukaambiwa unaingiza mali mpya.

Kwa watu wa kawaida pia, omba ruhusa. Mtu wa kambi ya wakimbizi hajapoteza haki ya uso wake kwa sababu amepoteza nyumba. Mtoto, omba kwa mzazi. Mwanamke aliyetendewa ubaya, usimpige picha ya kumtambulisha, hata kama amekubali akiwa na uchungu. Picha ikishaingia kwenye simu za watu, hakuna anayeweza kuirudisha.

Nyuma ya kazi

Usiku uleule, hamisha picha fasi mbili: ordinateri na diski ya nje, ama ordinateri na karti nyingine. Usifute karti mpaka mteja amepokea zake. Kama huna ordinateri, kuna kisomaji kidogo cha karti kinachochomekwa kwenye simu. Kinatosha kuchagua picha na kumtumia mteja chache za kwanza.

Kumbuka kwamba mtu akipoteza viazi atalima tena. Lakini ndoa ya mtoto wake, ama sura ya mama yake aliyezikwa juzi, hupigwa picha mara moja tu. Mteja anakulipa ili uitunze. Kamera ya bei ndogo inaweza kufanya kazi hiyo vizuri, ikiwa mwenye kuishika anaijua na anaitunza.